Sindano Iliposhuka kwa Ngazi

Nyumba tuliyokaa haikuwa yetu. Ilikuwa ya mlingoti. Mlingoti ulisimama nyuma yake, upande wa mashamba, ng'ambo ya uwanja wa ndege wa Luano, pale ambapo wilaya ya Annexe inaacha kuwa mji na haijaanza kuwa kijiji. Ulikuwa mali ya kampuni ndogo ya ndege, zile zinazobeba watu wachache na magunia ya samaki wakavu kutoka kaskazini. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutuma mlio wa redio kwa mawimbi marefu, herufi mbili za alama zikirudiwa mchana na usiku, ili rubani aliye ndani ya moshi wa kiangazi ajue nyumbani ni upande gani. Mwenye kuulinda mlingoti alipewa vyumba viwili vya matofali na mabati juu yake. Kwanza alikuwa baba.

Baba alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli. Aliona kulinda kitu kisichosogea ni kazi ya heshima, kwa sababu ukikikuta asubuhi pale ulipokiacha jana, umeshinda. Kifua kilimmaliza. Mama akamfuata kabla mwaka haujageuka. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari, binti mkubwa wa wote. Nyuma yangu alikuwapo mdogo wangu wa kiume, na nyuma yake wasichana wawili, wa mwisho akiwa bado anavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia.

Siku ya kuondoa matanga ya mama, fundi wa kampuni alifika kutoka mjini. Alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye kalamu nyingi mfukoni. Alikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo pamoja nasi, akanawa, akasimama mlangoni akiangalia nje.

"Mutoto yangu," akasema, "majani ya chini ya mulingoti, nani atakata?"

"Ni mi, papa."

"Na kupima?"

"Ni mi."

Akatikisa kichwa, akapanda pikipiki yake. Ndivyo nilivyoajiriwa. Kwetu kazi ilirithiwa hivyo tangu zamani: relini na mgodini, mtoto alivaa kofia ya baba kabla jasho lake halijakauka. Siku hizi reli haimrithishi mtu kitu, na mgodini hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Kofia iliyobaki ilikuwa hiyo ya kwetu. Mshahara ulikuwa mdogo na ulichelewa, lakini nyumba haikuchelewa. Kila asubuhi tuliamka tukiwa ndani yake, na hilo ndilo nililoliita mshahara.

Kupima nilikufahamu tangu baba akiwa hai. Fundi hakuweza kuja kila siku kutazama kama mlingoti unatuma kwa nguvu zake zote. Ndani ya kibanda cha mashine ulikuwapo mshale wake mwenyewe, lakini ulikwisha kufa, na kipuri chake kilisemekana kuwa njiani miaka na miaka. Kwa hiyo fundi alimfundisha baba kutengeneza antena ya duara. Naiita duara kwa sababu waya unazunguka, ingawa kwa umbo ni dirisha: miti miwili iliyopigwa msalaba, na waya mwembamba umezungushwa kwenye ncha zake nne, raundi juu ya raundi.

Ile ya baba ililiwa na mchwa. Yangu niliitengeneza mwenyewe kwa mbao za kitanda cha mama. Kwetu kitanda cha marehemu hakilaliwi upesi, na kuni kilikuwa hakistahili kuwa. Waya niliutoa kwenye mota iliyoungua ya mashine ya kusaga unga. Niliufungua jioni baada ya jioni, nikiuzungusha kwenye chupa usije ukajikunja. Kile kidude cha kutafutia stesheni nilikitoa kwenye redio kuukuu, na sindano nikaitoa kwenye kinasa kaseti, ile sindano iliyokuwa ikicheza pamoja na muziki. Hakuna betri. Kilichopita hewani ndicho kilichoisukuma.

Namna ya kupima haikuwa ngumu, ila haikutaka haraka. Kwanza niliingia kibandani kuona betri za sola zimeshiba sawa na jana. Kisha nilitembea hadi kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwa mbali kidogo na nyumba, nikapanda juu yake, kila siku palepale, nikainua dirisha langu usawa wa kifua. Ukiuelekezea mlingoti uso wa dirisha, sindano inalala kana kwamba hakuna mlingoti duniani. Ukiligeuza mpaka ubavu wake uelekee mlingoti, inaamka. Unageuza polepole hadi pale inaposimama juu kuliko kwingine, unasoma, unashuka. Siku njema sindano ilifika pale rangi nyekundu inapoanzia. Fundi alipiga simu kila Jumamosi, salamu kwanza, halafu, "Iko kwenye nyekundu?" Nami nikajibu, "Iko, papa."

Wanawake waliopita kwenda mashambani na majembe mabegani hawakunizoea kamwe. Kwetu mtu akisimama kwenye ardhi akiwa na chombo mkononi, maana yake ardhi hiyo imeshauzwa.

"Maman, uko napima kiwanja ya nani tena?" mmoja aliniuliza. "Utuambie mbele, tuvune mihogo yetu."

"Sipime kiwanja, mama. Napima redio."

"Redio!" Akawageukia wenziwe. "Munamusikia? Ya mama yangu nyumbani inapimwa na masikio."

"Wacha huyu," mwingine akasema. "Iko natafuta kobalti. Akiipata chini ya nyumba yake, kesho hatatusalimia."

Wakacheka, nami nikacheka.

Mdogo wangu wa kiume ndiye hakucheka. Alikuwa amekuwa kijana mrefu mwenye mikono ya kazi na asiye na kazi. Alibeba magunia kwenye uwanja mdogo wa kampuni siku ndege zilipokuja, na siku nyingine alikaa kwenye benchi mbele ya nyumba akinitazama nikitoka na dirisha langu. Aliniita yaya, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu.

"Yaya, ile kadirisha yako inasema nini leo? Inasema tutakula nini?"

"Inasema ukate kuni."

"Marubani beko nasema ile mulingoti habaisikilize tena. Beko na satelite ndani ya ndege. Kaskrini kadogo hivi, kanabaonyesha mupaka mulango ya choo. Wee uko nachunga fimbo."

"Hii fimbo njo iko natulalisha ndani ya nyumba."

"Mupaka siku batasema basi. Siku ile utapima nini?"

Nikainua dirisha langu nikaenda kichuguuni. Nilijua kwamba hakuwa akitania. Tangu tulipozika mama, alikuwa na hofu moja: kwamba siku moja gari litasimama mbele ya mlango, mtu mwenye funguo atashuka, na sisi wanne tutatoka na magodoro kichwani bila pa kuyaweka. Ndiyo hofu niliyokuwa nayo mimi. Tofauti yetu ni kwamba mimi niliamini mlingoti ukisimama vizuri gari hilo halitakuja. Yeye aliamini litakuja kwa vyovyote.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Kufikia mwezi wa nane moshi wa mashamba yanayochomwa ulikuwa umelala juu ya kila kitu. Jua lilichomoza jekundu na kutua jekundu, na wasichana walikohoa usiku kucha. Asubuhi moja sindano ikakataa kufika kwenye nyekundu. Ilisimama chini yake, upana wa punje ya mchele. Nilifuta kioo, nikaligeuza dirisha upya, nikashuka kwenda kukagua betri na kurudi. Punje ileile.

Sikushtuka. Udongo ukikauka mlingoti hupoteza nguvu. Baba aliniambia hivyo, na kila kiangazi nilikuwa nikiona sindano ikishuka, kidogo kidogo kama maji ya mtungi. Lakini safari hii ilishuka mara moja, ikakaa hapo siku nyingi bila kutikisika. Kisha asubuhi nyingine ikashuka tena, punje nyingine, ikakaa. Kisha tena.

Jumamosi fundi alipouliza, nilimweleza kama nilivyoiona.

 Nilisikia pikipiki zikipita mahali alipokuwa.

"Inashuka namna gani? Polepole?"

"Apana, papa. Inaruka. Inashuka, inakaa. Inashuka, inakaa."

"Kama ngazi."

"Njo vile."

"Mutoto yangu, udongo haikaukake kwa ngazi. Kama ni ngazi, iko muntu nashuka. Angalia waya za chini."

Waya za chini ni nusu ya mlingoti, ile nusu isiyoonekana. Kutoka kwenye shina lake zinatawanyika pande zote kama njiti za gurudumu la baiskeli, shaba tupu isiyo na nguo, zimefukiwa kina cha kiganja. Mlingoti unasukuma mawimbi yake kwa kuzikanyaga hizo. Ukiziondoa, umeme uleule unapotelea kwenye vumbi, ukipasha moto udongo bure.

Nilikwenda kwenye shina. Zote zilikuwapo, zimefungwa kwenye bamba lake kama baba alivyozikuta, zimeota kijani. Nilishusha pumzi. Lakini fundi alikuwa amesema niangalie, na kuangalia shina siyo kuangalia waya. Nikachukua jembe, nikaufuata mmoja upande wa mihogo. Ulikuwapo, ukaendelea kuwapo, kisha jembe likapita kwenye udongo mtupu. Nikarudi nyuma, nikachimba kwa vidole. Waya uliishia pale, umekatwa. Baada ya hapo udongo ulikuwa laini, uliofukuliwa na kurudishwa, na juu yake mtu alikuwa ametandaza majani makavu vizuri kabisa.

Nikaufuata mwingine. Hivyohivyo. Na mwingine.

Niliketi chini na kuutazama ule mkato. Koleo la baba lina pengo kwenye jino. Kila waya linaoukata linaacha kijiulimi pembeni, na mimi najua kijiulimi hicho, kwa sababu nilipokuwa nikizungusha antena yangu kilinichoma vidole mara nyingi. Koleo hilo halikuwahi kuazimwa na jirani. Lilining'inia kwenye msumari, ndani, juu ya godoro la mdogo wangu.

Nilirudi nyumbani nikapika. Sikujua la kufanya isipokuwa hilo. Jua lilikuwa bado juu ya mashamba alipokuja, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Aliketi kwenye kigoda karibu na mbabula, jiko letu la chuma, akanyoosha mikono juu ya makaa ingawa hakukuwa na baridi. Wasichana walikuwa wamekwenda kuchota maji.

"Waya ziko wapi?" nikamwuliza.

Hakuuliza waya gani.

"Kwa bantu ya mitraye," akasema. Hao ni wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaopita mitaani na mikokoteni yao wakigonga bati. "Zilikwenda kitambo."

"Ulijua zinafanya nini?"

"Yaya, zilikuwa zimekufa. Niliikamata moja na mukono mutupu. Hapana kuran, hapana umeme! Hata kidogo. Ningeona inanichoma, ningeacha. Nikasema hizi ni bintu bya bazungu, balisahau chini ya udongo sawa vile balisahau bintu yote." Akaniangalia. "Hapa kila mutu iko nachimba shaba. Mi nilichimba ile ilikuwa tayari imepikwa."

Ndivyo alivyoamini, na sikumwona mjinga. Katika mji huu mtoto anakua akifukua nyaya za zamani: nyuma ya viwanda vilivyofungwa, kando ya reli, chini ya nguzo zisizo na taa. Tumefundishwa namna moja tu ya kuujua waya ulio hai: unakuchoma. Usiokuchoma ni mzoga, na mzoga wa shaba ni wa anayeuokota. Nani angemwambia kwamba kuna waya unaofanya kazi kwa kulala kimya?

"Lakini ulitandaza majani juu," nikasema.

Hapo akainamisha kichwa.

"Wee haungekubali," akasema. "Hata zingekuwa zimekufa kweli, haungekubali."

"Uliziuza juu ya nini, sababu gani?"

Aliinuka, akaniashiria nimfuate. "Kuya."

Tulitembea mpaka ng'ambo ya barabara ya vumbi, kupita vibanda vya mkaa, hadi kwenye viwanja vipya ambavyo watu wanajigawia huko mwisho. Kwenye kimoja cha kando kabisa, chenye kichuguu kilicholiwa nusu, kulikuwa na tanuri la matofali lililokwisha kupoa, na mbele yake kuta. Zilikuwa zimefika kiunoni mwangu upande mmoja, na begani upande mwingine. Vyumba viwili, na kidogo cha tatu. Matofali yalikuwa ya kuchomwa, yamepangwa sawasawa, yakishikizwa na udongo wa kichuguu kwa sababu simenti hakuwa nayo.

"Hii ya kwako na batoto," akasema, akionyesha. "Hii yangu. Pale jiko. Muntu hatakuya hapa na funguo."

Nikauwekea ukuta mkono. Ulikuwa bado na joto la jua. Kwa kweli alikuwa amejenga vizuri, na nilimwambia hivyo. Alitabasamu kama alipokuwa mdogo, jino la mbele likiwa limepanda lenzie. Kisha nikamwambia jambo la pili.

"Kesho asubuhi nitamwambia fundi."

Tabasamu likabaki usoni peke yake, bila yeye.

"Yaya. Habaisikilize ile kintu. Nimekuambia, beko na satelite."

"Rubani mumoja atakuwa hana. Ao yake itakufa, ndani ya hii moshi."

"Na siye? Batatufukuza!"

"Bakirudisha waya, tutabaki. Nikinyamaza, sindano itashuka mupaka chini, na batatufukuza tu."

Nilisema hivyo na niliamini. Fundi aliniuliza kila Jumamosi, na hakuna Jumamosi niliyomwambia kitu ambacho sindano haikusema. Sikuona namna ya kuanza kudanganya sasa.

"Sitasema ni nani," nikaongeza. "Nitasema waya zimekatwa. Uko na leo yote. Ukitaka kwenda Sakania kwa mujomba, enda."

"Na nikienda, batamukamata nani?"

Nikageuka kurudi nyumbani.

Nilimpigia fundi simu kukipambazuka. Alinishukuru, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari ya msiba. Siku ya pili yake walifika, yeye kwa pikipiki na mkubwa wa kampuni kwa gari. Mdogo wangu hakuwa amekwenda Sakania. Alikuwa ameketi kwenye benchi lake, amevaa shati safi.

Fundi hakukata tamaa haraka. Alikuwa amekuja na roli la waya wa chuma, ule wa kufungia ua, akanituma kwenye kichuguu na dirisha langu, naye akaanza kuutandaza juu ya ardhi kutoka kwenye shina, akiufunga penye waya zilizokatwa. Kila alipomaliza mmoja alinyanyua mkono, nami nikasoma. Sindano ilipanda. Kidogo, lakini ilipanda! Nikamwonyesha kwa vidole, punje ya mchele, na alicheka kwa mbali, tumbo likitikisika. Alifunga mwingine, ikapanda tena. Nilisimama juu ya kile kichuguu, nikawaza: shaba ikipatikana hata nusu yake, tutafika kwenye nyekundu kabla ya mvua.

Mkubwa alikuwa ameegemea gari, akizungumza na simu. Alipomaliza akamwita fundi. Sikusikia maneno yao. Niliona tu fundi akieleza kwa mikono, akionyesha ardhi, akinionyesha mimi, na yule mwingine akitikisa kichwa bila hasira. Kisha fundi akaingia kibandani. Nilikuwa bado nimeinua antena. Sindano ilirudi nyuma mpaka mwanzo wake na kugonga kile kipini kidogo inapoishia. Niligeuza dirisha huku na huku, kushoto, kulia, nikidhani nimekosea uelekeo.

Niliposhuka mkubwa aliniambia kwa adabu kwamba kampuni ilikuwa ikifikiria kuuzima mlingoti tangu mwaka uliopita na leo umezimwa, kwamba kununua shaba mpya hakuna maana, kwamba nyumba iachwe mwisho wa mwezi kwa sababu mabati na milango vinahitajika uwanjani. Alinishukuru kwa uaminifu. Nilimwomba mabati. Nikamwambia hata nusu, badala ya kazi yangu. Akasema si yake kuyatoa.

"Na waya," akasema halafu, akifungua mlango wa gari. "Mulinzi njo anajibia waya. Utakuya na sisi kwa polisi."

"Ataenda wapi?" Mdogo wangu alikuwa amesimama. "Huyu hajue kintu. Ni mi nilikata. Koleo iko ndani, kamateni."

"Wewe njo nani?"

"Mulongo yake, ndugu ya tumbo moja."

Fundi alinitazama, nami nikatazama chini. Walimpakia nyuma ya gari bila kumpiga. Yule binti mdogo alikimbia nyuma ya vumbi akiwa ameshika kiatu chake kimoja, mpaka nilipomwita arudi.

Nilikwenda kumwona kila nilipopata cha kumpelekea, kwa maana huko mahabusu asiyeletewa chakula hali. Alikuwa amekonda na sauti imekauka. Sikumwomba msamaha, wala yeye hakuniomba. Nilimpa bakuli kupitia kwenye wavu, akala amesimama, na maswali yake yalikuwa ya aina moja.

"Muko kule sasa?"

"Tuko kule."

"Ukuta iko?"

"Iko. Fundi alitupatia bashi moja, turubai kubwa. Tunalala chini yake."

Akaacha kutafuna. "Bashi ya kulalia? Yaya, mule hakuna simenti. Ni udongo tu. Mvua ya kwanza ikiikuta wazi, itayeyuka yote, itarudi kichuguu. Mufunike ukuta. Munasikia? Mufunike ukuta mbele, ninyi nyuma."

"Tutafunika."

"Juu kabisa, pale hakujamalizika. Njo pananyonya maji." Alinirudishia bakuli. "Batoto banakohoa tena?"

"Mukubwa ameacha. Mudogo bado."

Mvua ilikuja alasiri moja, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, bila kupiga hodi. Upepo uliinua vumbi la viwanja vyote, likawa ukuta mwekundu unaotembea, na nyuma yake mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Wasichana walikuwa tayari wameingia chini ya bashi, kwenye ile pembe tuliyoifunga kati ya kuta mbili, na godoro, na mbabula, na nguo zao za shule. Matone ya kwanza yalianguka mazito na kutoboa vumbi.

Nilitazama sehemu ya juu ya ukuta wa upande wa pili, pale alipoachia. Matone yalikuwa yakiingia kwenye udongo kati ya matofali na hayakutoka. Udongo uligeuka mweusi, na mstari mwembamba wa tope ukaanza kuteremka.

"Tokeni," nikasema.

"Yaya, kuko mvua!"

"Tokeni. Saidieni kufungua kamba."

Tuliifungua bashi. Upepo nusura uibebe, ikanivuta mpaka kwenye tanuri, lakini mkubwa wa wale wawili aliirukia na kuilalia. Tukaitupa juu ya ukuta mrefu, kisha wa pili. Ilitosha kuta mbili na nusu ya ule wa jiko. Tukaiwekea matofali juu. Hayakutosha kuishikilia, kila upepo ulipovuma ilipiga kelele na kuinuka, kwa hiyo ilibidi tuishike, kila mmoja na pembe yake, migongo yetu ikiwa nje. Godoro lilikuwa likinywa maji pale chini na hakuna aliyelitazama.

Yule wa mwisho alikuwa akitetemeka, nywele zimemlala usoni. Alikohoa, akafuta pua kwa bega kwa sababu mikono haikuwa huru.

"Yaya," akasema, "na siye?"

"Siye tutakauka," nikamwambia. "Shika pale, nguvu."